Fungu la Mjamzito

Mama yangu haamini kitu ambacho hajakinusa. Ukimwambia maziwa yameharibika, atakuomba kikombe. Ukimwambia jirani amelewa, atasubiri apite karibu. Miaka yote aliyosimama kwenye meza ya kukatia samaki kule kiwandani, pua yake haijawahi kumwangusha. Wenzake walimpa jina la Mama Kisu, na hawakuwa na maana ya kisu peke yake, walimaanisha na ulimi. Mimi ni bintiye, na ulimi huo nimeurithi, kwa hiyo siwezi kumsema sana.

Nyumbani tulikuwa watano. Kulikuwa na Mama, kaka yangu anayeendesha lori la barafu, na mke wake, ambaye ni wifi yangu. Halafu mimi, msusi, niliyerudi kwa mama baada ya ndoa kunishinda, na binti yangu ambaye bado hajaanza shule. Nilisukia kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kioo kirefu na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Wateja walikijua kile kiti, wakakikalia kwa adabu.

Wifi alikuwa mjamzito, na jambo hilo kwetu halikusemwa kwa sauti kubwa. Mimba ya kwanza ilitoka, na ya pili ikatoka. Hii ya tatu ilipovuka pale zile mbili zilipokomea, tukaanza kunyata ndani ya nyumba na kufunga milango polepole, kama kwamba mtoto keshazaliwa na amelala. Kaka aliacha hata kupiga honi akirudi kazini.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la kiwandani, maana bila hilo hutaelewa tulivyojipalia makaa. Samaki wakubwa, papa, nduaro na jodari, hukatwa vipande vya mraba vya kupelekwa ng'ambo. Kile kipande kinono cha nyuma ya kichwa hakiwi mraba hata ukikibembeleza, kwa hiyo msimamizi huwaachia wakataji. Kipande cha yule samaki mkubwa kuliko wote wa siku hiyo huenda kwa zamu. Lakini mkataji akiwa na mjamzito nyumbani kwake, wenzake wote huacha zamu zao, na kipande hicho humwendea yeye kila siku ya kazi mpaka mtoto azaliwe. Wanakiita fungu la mjamzito. Wanawake wale wanaweza kugombana asubuhi hadi kurushiana ndoo, na jioni mmoja akamfungia mwenzake fungu lake bila kinyongo.

Mama alikuwa amewaachia wenzake mafungu kwa miaka, leo kwa binti wa huyu, kesho kwa mkamwana wa yule. Ilipofika zamu ya nyumba yetu, alirudi na lile fungu kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi. Alilipika mwenyewe na hakutaka msaada. Sisi wengine nyumbani tulikula mikia na mbavu za samaki wadogo, ingawa Mama mchana alikula vipande vya samaki wakubwa pamoja na wenzake kiwandani, na hatukuona wivu.

"Mkubwa ndiye mwenye nguvu," alisema kila mara akimwekea wifi sahani. Dagaa, kwake yeye, walikuwa chakula cha paka na cha watu wasio na bahati.

Wifi alikaa mwisho wa meza, upande wa ukutani, na binti yangu ubavuni kwake, kwa sababu walipendana wale wawili. Sahani ilirudi jikoni tupu. Mama aliiinua tuione, akasema mkwe wake anajua kula, na kesho yake akaenda kuwasimulia wenzake.

Binti yangu, kwa upande wake, alikuwa akiitwa Fundi. Alijua kufunga vifungo vyake mwenyewe wakati watoto wengine hawajui hata kazi yake. Alikaa miguuni pangu akinitungia shanga za wateja kwenye uzi bila kudondosha hata moja. Halafu, sijui ilianzaje, akaanza kuangusha vitu. Kikombe kilianguka, kijiko kikafuata, kikombe tena. Kaka akamwita Vunjavunja kwa utani, na jina likakaa. Mimi nilimgombeza. Nilisema anadeka kwa kuwa amesikia mtoto mwingine anakuja, na Mama akaniunga mkono akasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo nikamkunja.

Habari ililetwa na muuguzi wa kliniki, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele yangu, nami nagawa nywele za kisogoni, akaniuliza kama wifi bado anakula lile fungu la kiwandani. Nikajibu kwa majivuno kwamba anakula na kumaliza. Akaniambia kuwa shehena ya samaki wakubwa imerudishwa kutoka ng'ambo. Walipimwa huko wakakutwa na zebaki.

Nilicheka. Zebaki niliijua kwenye vile vipima joto vya zamani, ile inayokimbia sakafuni kioo kikivunjika. Nikamwuliza samaki anaumwa homa gani mpaka ameze kipima joto. Yeye hakucheka. Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanawake kwenye benchi la kliniki. Alisema takataka za viwandani zinaingia majini na zebaki ndani yake. Vidudu vya majini vinaimeza kidogo, dagaa wanakula vidudu vingi, samaki wa kadiri wanakula dagaa wengi, papa anawala hao wote, na haimtoki kwa urahisi. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa na mzee ndivyo anavyokuwa amejaza zaidi. Mtu akila nyama hiyo mara kwa mara, inamwingia kwenye mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito inavuka mpaka kwenye ubongo wa mtoto. Alisema pia jambo kuhusu watoto wadogo, lakini mimi nilikuwa nimeshafika tumboni mwa wifi na sikutoka huko.

Nikamwuliza je, akichemshwa sana? Akasema hapana. Akikaangwa? Hapana. Akipakwa ndimu na chumvi, akaanikwa? Akageuka kunitazama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Dada yangu, huu si uchafu wa kuosha," alisema. "Umo ndani ya nyama yenyewe. Huuoni na wala hauna harufu."

Niliogopa. Sitafuti neno lingine. Mikono yangu, ambayo haisimami hata nikilia, ilisimama.

Akaniambia kuna njia ya kujua. Zebaki aliyoila mtu hujiandika kwenye nywele zake kadiri zinavyoota. Iliyo karibu na ngozi ni ya juzijuzi, na kadiri unavyokwenda kwenye ncha ndivyo unavyorudi nyuma. Kliniki yao ilikuwa inakusanya nywele za wajawazito na za watu wanaoishi nao, ili zikapimwe. Akaniomba nizikate mwenyewe, kwa kuwa ni kazi yangu. Niwakate kisogoni, karibu kabisa na ngozi, nifunge kwa uzi upande wa shinani ili wapimaji wasichanganye mwanzo na mwisho.

Jioni hiyo Mama aliporudi na fungu lake nilimwambia yote. Alinisikiliza hali kashika kiuno. Kisha akalifungua lile fungu, akaliinamia, akavuta pumzi ndefu, na akatangaza kwamba samaki huyu amevuliwa jana na hana neno. Akatuita tulinuse wenyewe. Tulilinusa mmoja mmoja, kaka, mimi, na wifi ambaye aliziba mdomo upesi akarudi nyuma. Lilinuka bahari tu. Hapo ndipo woga ulipoanza kunipanda sawasawa. Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza, lakini yule aliyeoza angalau anakuonya mwenyewe. Huyu alikuwa mzuri, mwekundu, ananata vidoleni, na nilitamani anuke.

Kaka alilichukua akaenda kulifukia nyuma ya nyumba. Mama alikaa kwenye ngazi za jikoni akimtazama mwanawe akichimba, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

Kesho yake niliwakata. Mama alikuwa wa kwanza, akiuliza kama tunataka nywele zake ili tukamroge. Alipokuwa kwenye kiti niliona anavyosugua ncha za vidole vyake kwenye mapaja, mara kwa mara, bila kujua. Nikamwuliza. Akasema ni ganzi tu, ameizoea, na ni barafu ya kiwandani. Wenzake wote wanashika barafu ileile, na hata kaka pia, lakini kaka hana ganzi.

Wifi ilibidi kwanza nimfumue rasta, na kaka, ambaye kwa kipara chake hakuwa na cha kukatwa, akasimama mlangoni akituonya tusije tukapeleka nywele za dukani, zikasema bibi huyu amekula plastiki. Tulicheka wote kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Nilipomaliza kumfunga uzi, wifi akauliza polepole, "Na mtoto?"

Nikamwambia mtoto yumo tumboni, tutamkata nini.

"Namaanisha huyu," akasema.

Binti yangu alikuwa chini ya kiti anatafuta shanga alizomwaga. Nikasema huyu anakula mikia pamoja nami, nywele zangu zinatosha kumsemea, tumwache. Wifi akauzungusha uzi uliobaki kidoleni, akaufumua, akauzungusha tena. Nilidhani ni hofu ya tumbo lake. Nikazikata zangu nikitumia vioo viwili, na nikaenda kumpa muuguzi.

Kungoja majibu kulitumaliza. Mama aliwaambia wenzake kwamba mkwe wake tumbo limemchafuka, fungu waendelee nalo kwa zamu kwanza. Hakuthubutu kuwaeleza sababu. Angesema nini, na wale wanawake wamekula na kulishana miaka yote hiyo kwa mapenzi? Msimamizi alikuwa ameshawaambia kuwa shehena imerudi kwa sababu ya majokofu mabovu. Siku moja nilimkuta Mama jikoni, maji yanatiririka kwenye sinki na hakuna chombo anachoosha.

"Yule mjukuu wa mwenzangu wa mezani," aliniambia bila kugeuka, "yule ambaye mpaka leo hajasema hata mama. Mafungu yake nilikata mimi."

Nikamwambia hakuna anayejua kwa nini mtoto mmoja huchelewa na mwingine huwahi. Akasema ndiyo, hakuna anayejua. Akafunga bomba. Namna alivyolisema neno lile, kwa sauti ndogo isiyo yake, ilinitisha kuliko maneno yote ya muuguzi. Mama yangu hajawahi kukubaliana nami upesi hivyo.

Wifi naye alibadilika. Alikuwa akimfuata binti yangu kila aendako. Alimshikia kikombe anywe, akamfunga vifungo, akamvalisha viatu. Nikamwambia amwache mtoto ajitegemee, ataharibika. Akalia. Kaka akasema ni mimba, wanawake wenye mimba hulia hata wakiona jua, na mimi nikakubali kwa kuwa niliwahi kulia kwa ajili ya kijiko. Usiku na mchana nilikuwa naomba jambo moja tu, kwamba huyo aliye tumboni asiguswe. Nilimwomba Mungu achukue cha kwangu, achukue hata vidole vyangu ninavyotafutia riziki, lakini asiguse pale.

Siku ya majibu tulikwenda watatu, mimi, Mama na wifi, na binti yangu tukambeba kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia. Chumba cha muuguzi kilikuwa kidogo. Kulikuwa na mizani ya watoto, benchi, na picha ya mtoto tumboni iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, pembe moja imebanduka. Binti yangu alikaa sakafuni akahangaika na kishikizo cha kiatu chake.

Muuguzi alianza na Mama. Akasema kiwango chake kiko juu sana, aache kabisa samaki wale wakubwa, na ile ganzi akaonwe na daktari wiki hiyohiyo. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za jirani. Akaja kwangu, akasema yangu ipo lakini si ya kutisha. Halafu akamgeukia wifi. Nikamshika mkono, na ulikuwa wa baridi.

"Wewe huna kitu," muuguzi akasema. "Kiwango chako ni cha chini kuliko cha wote niliowapima. Mtoto wako hana neno upande huu."

Mama alitupa mikono juu, akamshukuru Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye dirisha la dawa, akalia, akajifuta kwa kanga, akalia tena. Nilimkumbatia wifi. Alikuwa amekakamaa mikononi mwangu. Nikatazama juu ya bega lake na kuona muuguzi hafurahi pamoja nasi.

"Mama," alisema, "si mlinieleza huyu ndiye anayekula fungu?"

Mama akajibu ndiyo, kila siku, na sahani inarudi tupu, yeye mwenyewe ndiye anayeiosha.

"Basi nywele hizi hazijala samaki."

Mama alishusha kanga usoni. Wifi akajitoa kwangu, akakaa kwenye benchi, akaweka mikono juu ya tumbo lake.

"Nilikuwa natapika, mama," alisema. "Harufu yake tu ilikuwa inanitapisha. Na wewe unakuja nalo umefurahi, wenzako wameacha zamu zao kwa ajili yangu. Mimba mbili zimenitoka. Ningesemaje kwamba sitaki?"

Mama alimwuliza kama alikuwa akilitupa. Katika maisha yangu sijawahi kumsikia mama yangu akitamani chakula kiwe kimetupwa. Alimwuliza mara ya pili, karibu anambembeleza, kwamba si ulimpa paka, mkwe wangu, si ulilitupa dirishani?

Wifi alitikisa kichwa. Hakututazama sisi, alimtazama binti yangu pale sakafuni.

"Alikuwa analipenda," alisema. "Alikuwa analimaliza lote."

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, niliinua mkono, na kama si lile tumbo ningemshushia. Kisha nikaushusha mkono, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuhesabu chenyewe. Lini Mama alileta fungu la kwanza? Lini kikombe cha kwanza kilianguka? Lini Fundi akawa Vunjavunja, na sisi tukacheka? Sahani tupu ilikuwa ikipita mbele yangu kila jioni, nami nikimgombeza mtoto kwa kumwaga maji.

Muuguzi alipiga magoti mbele ya mtoto, akamwomba abane vidole, afumbe macho, aguse pua yake. Binti yangu aliona ni mchezo. Aligusa shavu. Akacheka, akajaribu tena, akagusa mdomo. Muuguzi alimsifu. Aliponigeukia alisema hakuna haja ya kukata tamaa kabla ya kipimo, watoto hujenga upya vitu vingi wakiachishwa mapema, na huenda ni jambo jingine kabisa. Neno hilo, huenda, alilirudia mara nyingi mno.

Akafungua droo na kutoa mkasi. Nikamwambia anipe mimi.

Tulimkalisha kwenye benchi. Nilimfumua kisogoni, mabutu niliyomsuka mwenyewe kwa ajili ya safari hii, nikachukua kishungi chembamba nikakinyoosha kati ya vidole. Kilikuwa kirefu kwa mtoto wa umri wake, na siku zote nilijivunia urefu huo. Huku kwenye ncha alikuwa bado anaitwa Fundi. Nikashuka kwa kidole taratibu kuelekea shinani, na sikuweza kujua ni wapi hasa tulipompoteza.

Akaniuliza kama leo anti atampa samaki, maana siku nyingi hajapewa. Wifi alitoka nje. Nikamwambia hapana, leo hapana, atulie nimkate.

Lakini kichwa hakikutulia. Kilikuwa na mtikisiko mdogo, wa kasi, ambao jicho halikuuona vizuri ila mkasi uliusikia. Mama akaja akamshika masikioni kwa viganja vyote viwili, kama anavyoshika kichwa cha samaki asiteleze, na viganja vyenyewe vikawa vinatetemeka.

"Bibi, unanitikisa," mtoto akasema.

Mama akaondoa mikono. Alirudi nyuma hatua moja, akaifumbata kifuani, nami nikasubiri kile kichwa kitulie. Hakikutulia. Nilijiambia ni uoga wa mkasi tu, watoto wote huuogopa. Kisha nikakumbuka kwamba huyu amekulia chini ya mkasi wangu na hajawahi kuuogopa hata siku moja.